Kilebu wa Mbwa Mkubwa: Jinsi ya Kumchagulia Chakula na Kumbadilishia

Utangulizi

Wengi wetu tulikutana na neno kilebu darasani. Mwalimu aliandika ubaoni orodha ya majina ya watoto wa wanyama: wa ng'ombe ni ndama, wa kuku ni kifaranga, wa sungura ni kitungule, wa simba ni shibli, wa mbwa ni kilebu. Tuliikariri orodha hiyo, tukaijibu katika mtihani, na baada ya hapo wengi wetu hatukulitumia tena neno hilo. Makala haya yanakusudia kulitoa neno kilebu katika orodha na kulipa kazi. Yanaeleza namna ya kumlisha kilebu wa mbwa wa umbo kubwa, jambo linalowahusu watu wengi hapa Kampala, ambako nyumba nyingi zenye ua hufuga mbwa wa ulinzi.

Sababu ya pili ya kuandika ni yangu binafsi. Mwaka 2018 nilinunua kilebu wa aina ya German Shepherd mwenye umri wa wiki nane. Watoto walimwita Simba. Nilimnunulia chakula kizuri cha vilebu kutoka dukani, kisha jirani yangu mmoja akanishauri: "Mwalimu, mbwa mkubwa anataka mifupa mikubwa. Mwongezee kalisi." Nilikwenda katika duka la dawa za mifugo nikanunua unga wa kalisi, nikawa namnyunyizia kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vilevile nilimjazia bakuli kila lilipokuwa tupu, maana nilidhani kilebu anayekula sana ndiye anayetunzwa vizuri. Alipofikisha miezi mitano alikuwa mnene, miguu yake ya mbele imepinda kwa nje, na asubuhi alichechemea. Daktari wa mifugo alimpapasa, akauliza anakula nini, kisha akasema: "Mwalimu, huyu hana upungufu wa kalisi. Amezidishiwa."

Tuliacha ule unga siku hiyo hiyo na kupunguza chakula. Simba alipata nafuu, lakini mguu wake wa kushoto haukunyooka kabisa. Kosa lilikuwa langu, nalo lilitokana na upendo usio na maarifa. Ningependa msomaji asilirudie.

Mbwa mkubwa ni yupi, na kwa nini awe tofauti?

Wataalamu wengi humhesabu mbwa kuwa wa umbo kubwa ikiwa anatarajiwa kuzidi kilo 25 atakapokomaa. Kanuni za lebo za chakula cha mbwa nchini Marekani huweka mpaka kwenye kilo 32 hivi. German Shepherd, Rottweiler, Labrador na Boerboel wamo katika kundi hili. Great Dane na wenzake huitwa mbwa wa umbo kubwa sana.

Tofauti yao na mbwa wadogo ni kasi na muda wa kukua. German Shepherd huzaliwa akiwa na takribani nusu kilo tu. Baada ya mwaka mmoja anaweza kuwa na kilo 30 au zaidi. Mtoto wa binadamu huhitaji miaka zaidi ya kumi na mitano kuufikia ukubwa wake. Mbwa huyu hufanya kazi hiyo kwa miezi 12 hadi 18.

Karibu na ncha za mifupa ya kilebu kuna sehemu laini za gegedu. Hapo ndipo mfupa unaporefuka. Gegedu hiyo hugeuka kuwa mfupa kamili mwishoni mwa ukuaji, na kabla ya hapo haina nguvu ya mfupa uliokomaa. Uzito ukiongezeka upesi kuliko uwezo wa mifupa na viungo kuubeba, au madini yakizidi kiasi, gegedu huharibika. Matokeo yake huwa ni miguu ya matege au iliyopinda kwa nje, maumivu ya viungo, na nyonga zisizokaa sawasawa. Ni kweli kwamba ubovu wa nyonga hurithiwa pia, lakini chakula kinaweza kuuzidisha au kuupunguza.

Hivyo basi, kanuni ya kwanza ni hii: kilebu wa mbwa mkubwa anatakiwa akue polepole. Kumlisha kwa kiasi hakumfanyi awe mbwa mdogo. Ukubwa wake wa mwisho umeandikwa katika damu ya wazazi wake. Chakula cha kupita kiasi humfikisha huko haraka tu, na mara nyingi humfikisha akiwa na kasoro.

Utafiti unasemaje?

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalisha vilebu wa Great Dane kwa njia mbili: kundi moja lilikula kadiri lilivyotaka, na jingine lilipewa kiasi kilichopunguzwa. Kundi lililokula bila kipimo ndilo lililopata kasoro nyingi za mifupa.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwapa vilebu wa aina hiyo hiyo chakula chenye kalisi takribani mara tatu ya kiasi cha kawaida. Mifupa yao ilikua vibaya. Sababu ni kwamba mwili wa kilebu mchanga, hasa kabla ya miezi sita, hauwezi kuikataa kalisi iliyozidi. Mbwa mzima hupunguza kiasi anachokifyonza tumboni. Kilebu huendelea kufyonza tu. Kwa maneno mengine, unga nilioununua mimi haukupita kwenda nje. Uliingia mwilini.

Watu wengi hudhani kwamba protini ndiyo inayoharibu mifupa ya vilebu. Utafiti uliofanywa baadaye kwa Great Dane haukuthibitisha hivyo. Mambo mawili ya kuogopwa ni nishati iliyozidi na kalisi isiyo na kipimo.

Utafiti wa tatu ulihusu Labrador 48. Waligawanywa wawili wawili tangu wakiwa wachanga. Mmoja wa kila jozi alipewa robo pungufu ya chakula alichokula mwenzake, maisha yao yote. Walipofikia umri wa miaka miwili, waliokula kidogo walikuwa na nyonga bora zaidi. Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2002: nusu ya waliokula kidogo walivuka umri wa miaka 13, ilhali kwa wenzao umri huo wa kati ulikuwa miaka 11 na miezi michache. Robo ya bakuli ilikuwa na thamani ya karibu miaka miwili ya uhai.

Kuchagua chakula cha dukani: kazi ya kusoma

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wa lugha tunapopaswa kuwa hodari, maana kuchagua chakula cha mbwa ni kazi ya ufahamu. Picha ya mbwa mwenye afya iliyo mbele ya mfuko haina habari yoyote. Geuza mfuko, usome maandishi madogo ya nyuma. Mengi huwa kwa Kiingereza. Tafuta mambo manne.

La kwanza ni kama chakula ni kamili au ni cha nyongeza. Chakula kamili kinaweza kuliwa peke yake kila siku. Cha nyongeza hakitoshi chenyewe. Katika Kiingereza cha lebo za Ulaya maneno haya mawili huanza kwa herufi zilezile, na msomaji mwenye haraka huyachanganya kwa urahisi.

La pili ni umri uliolengwa. Chakula cha mbwa wazima hakimfai kilebu. Kinachofaa ni cha ukuaji, au cha hatua zote za maisha.

La tatu ni sentensi inayotaja ukubwa wa mbwa. Katika lebo zinazofuata kanuni za shirika la AAFCO la Marekani, sentensi hiyo husema kwamba chakula kinatosheleza mahitaji ya ukuaji, pamoja na ukuaji wa mbwa wakubwa, au isipokuwa ukuaji wa mbwa wakubwa. Tazama kazi ya neno moja! Mifuko miwili inaweza kufanana kwa rangi na bei, lakini "pamoja na" inakuruhusu kununua na "isipokuwa" inakukataza.

La nne ni kiasi cha kalisi. Kanuni hizo zinataka chakula cha vilebu wa mbwa wakubwa kiwe na kalisi kati ya asilimia 1.2 na 1.8, maji yakiwa yameondolewa katika hesabu. Tuseme lebo inaonyesha kalisi asilimia 1.2 na maji asilimia 10. Sehemu kavu ni asilimia 90, gawanya 1.2 kwa 0.9, utapata 1.33. Kiasi hicho kinafaa. Kadhalika, kalisi isiwe pungufu ya fosforasi, wala isizidi mara mbili yake.

Baadhi ya maduka hupima chakula kwa kilo kutoka katika gunia lililofunguliwa. Bei huwa nafuu, lakini mnunuzi hupewa mfuko usio na maandishi. Ukinunua hivyo, omba uonyeshwe gunia lenyewe, uisome lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Gunia lisipokuwapo, afadhali ununue kwingine.

Ukishapata chakula kamili cha ukuaji wa mbwa wakubwa, usiongeze kalisi, unga wa mifupa wala vitamini bila agizo la daktari. Waliokitengeneza wameshapiga hesabu. Kijiko chako kinaivuruga.

Chakula cha nyumbani: posho na mukene

Si kila mtu anaweza kununua chakula cha mfuko kila mwezi. Mbwa wengi wa Uganda hulishwa posho iliyochanganywa na mukene, au na mapafu na matumbo kutoka buchani. Mukene ni samaki wadogo ambao Watanzania huwaita dagaa na Wakenya huwaita omena. Chakula hicho kinaweza kumtunza mbwa mzima, lakini kwa kilebu mkubwa kinahitaji uangalifu.

Posho peke yake hujaza tumbo, na kalisi yake ni kidogo mno. Nyama peke yake pia haitoshi, kwa sababu fosforasi iliyomo ni zaidi ya mara kumi ya kalisi. Kilebu anayelelewa kwa nyama au posho tupu hulazimika kuchota kalisi kutoka katika mifupa yake mwenyewe, hadi ikawa myepesi na kuvunjika. Kumbe basi kuna makosa mawili yanayopingana: mwenye mfuko wa kisasa huzidisha kalisi, na mwenye sufuria ya posho huipunguza. Wote wawili huishia kwa daktari mmoja.

Mukene huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo huleta protini na kalisi pia. Hata hivyo mukene aliyeanikwa chini huwa na mchanga, na mwingine hutiwa chumvi. Mwoshe vizuri kabla ya kumpika. Kiasi cha kuchanganya hakiwezi kukisiwa kwa macho. Anayetaka kumlea kilebu mkubwa kwa chakula cha nyumbani amwombe daktari wa mifugo ampangie mchanganyiko kulingana na umri na uzito, na kama kalisi inahitajika, kipimo kitoke kwake.

Kuna hatari nyingine katika pumba na unga wa bei rahisi, nayo ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hiyo, ambayo huharibu ini, na kupika hakuiondoi. Unga ulioota ukungu, unaonuka au uliogandamana kwa unyevu usipewe mbwa.

Aidha, usimpe kilebu mifupa iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu, chokoleti na zabibu kavu ni sumu kwake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha vilebu wengi. Maji safi yanatosha.

Kiasi gani? Mizani ni mbavu

Jedwali la mfuko hutoa gramu za siku kwa kufuata umri na uzito unaotarajiwa. Lichukue kama mahali pa kuanzia, na uanze na kiasi cha chini. Pima kwa mizani ya jikoni. Kikombe cha nyumba moja si kikombe cha nyumba nyingine. Gawanya chakula cha siku mara nne hadi kilebu atimize miezi mitatu, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili. Baada ya dakika 15 au 20 ondoa bakuli.

Kila wiki, pitisha viganja vyako ubavuni mwake. Unatakiwa uzihisi mbavu kwa urahisi, zikiwa na utando mwembamba tu wa mafuta juu yake. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane. Ukimtazama kutoka ubavuni, tumbo lipande kuelekea nyuma. Ikiwa inabidi ubonyeze ndipo uzihisi mbavu, punguza chakula kwa sehemu moja ya kumi, kisha usubiri wiki moja. Ikiwa mbavu zinaonekana kwa mbali na tumbo limevimba kama ngoma, usikimbilie kuongeza chakula. Huenda ni minyoo.

Uzito pia unapimika bila mizani maalumu. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba kilebu, kisha panda peke yako. Ikiwa ni kilo 81 mkiwa wawili na kilo 70 ukiwa peke yako, kilebu ana kilo 11. Andika namba hizo katika daftari pamoja na tarehe.

Usidanganywe na macho yake. Kilebu akimaliza kula hukutazama kana kwamba hajala tangu juzi. Hiyo ni tabia yake. Ushahidi wa njaa uutafute mbavuni.

Kubadilisha chakula

Chakula hubadilishwa kwa sababu nzuri: kilebu amehamia kwako kutoka kwa mfugaji, chakula cha zamani hakipatikani tena, daktari ameagiza, au mbwa amekomaa. Si vyema kubadilisha kila mwezi kwa sababu duka limepunguza bei. Kilebu anapofika nyumbani, mpe chakula alichokizoea kwa wiki moja au mbili kwanza. Ameshaachana na mama yake na ndugu zake. Tumbo lake lisipewe ugeni mwingine. Pia usibadilishe katika siku anazopewa chanjo au dawa ya minyoo, maana akiharisha hutajua sababu.

Mabadiliko ya ghafla huvuruga tumbo, kwa kuwa utumbo na vijidudu vyake vinahitaji muda wa kuzoea. Utaratibu unaofaa ni huu:

Siku ya 1 na ya 2: robo ya chakula kipya, robo tatu za cha zamani.
Siku ya 3 na ya 4: nusu kwa nusu.
Siku ya 5 na ya 6: robo tatu za kipya, robo ya cha zamani.
Siku ya 7: chakula kipya pekee.

Kwa kilebu anayekula gramu 300 kwa siku, siku mbili za mwanzo utachanganya gramu 75 za kipya na 225 za zamani. Zingatia kwamba gramu 300 za chakula kimoja zinaweza kuwa na nishati nyingi kuliko gramu 300 za kingine. Kwa hiyo soma jedwali la mfuko mpya kabla ya kufika siku ya saba. Mwenye tumbo jepesi apewe siku kumi au zaidi. Choo kikilainika kidogo, rudi hatua moja nyuma, ukae hapo siku mbili, kisha uendelee.

Kuhusu kuhamia chakula cha mbwa wazima, mbwa mkubwa asubiri hadi ukuaji wake ukaribie kwisha, yaani kati ya miezi 12 na 18. Wa umbo kubwa sana wanaweza kufika miezi 24. Asiachishwe chakula cha ukuaji akiwa na miezi sita kwa sababu tu anaonekana mkubwa. Umbo limetangulia, mifupa bado iko njiani.

Lini uende kwa daktari?

Si kila kuhara kunatokana na chakula. Kilebu anayetapika mara kwa mara, anayehara damu, aliyekataa kula na kunyong'onyea, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Huenda ana ugonjwa wa parvo, ambao huua haraka vilebu wasiochanjwa. Anayechechemea zaidi ya siku moja au mbili, anayeogopa kuinuka, au ambaye miguu yake imeanza kupinda, naye asisubiri. Mfupa unaokua unaweza kurekebishika. Uliokwisha kukua hubaki ulivyo.

Hitimisho

Kwa ufupi, chagua chakula kamili cha ukuaji kinachowataja mbwa wakubwa kwa "pamoja na". Usiongeze kalisi kwa shauri la jirani. Pima kiasi kwa mbavu. Badilisha chakula kwa siku saba hadi kumi. Simba angali hai, na kila jioni hunipokea langoni. Akija mbio, mguu wake wa kushoto hutupa nje kidogo. Wageni hawauoni. Mimi huuona kila siku.

Kwa matumizi ya darasani

Upatanisho: Ingawa neno kilebu lina kiambishi ki-, hutaja kiumbe hai. Tunasema kilebu huyu anakula, vilebu hawa wanakula. Hatusemi kilebu hiki kinakula.

Msamiati: gegedu ni sehemu laini, ngumu kuliko nyama, iliyo kwenye viungo na ncha za mifupa, matege ni miguu iliyopinda, kufyonza ni kunyonya na kuingiza mwilini, sumukuvu ni sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, kunyong'onyea ni kulegea kwa kukosa nguvu.

Zoezi: Andika upya utaratibu wa kubadilisha chakula, kwanza kwa hali ya kuamuru (changanya, ongeza, subiri), kisha kwa hali ya mazoea (mfugaji huchanganya, huongeza, husubiri). Jadilini katika makundi: ni ipi inayomfaa mtu aliyesimama jikoni na bakuli mkononi, na kwa nini?